Kampuni Ikianguka, Rubani Atabaki na Nini?



Vijana wetu wanaomaliza mafunzo ya urubani, na hata marubani wa miaka mingi wanaotaka kuhama, wanatuuliza swali moja: "Kampuni gani ya ndege ni nzuri kuifanyia kazi?" Sisi twaona ya kuwa swali hili limekaa upande. Kampuni iliyo nzuri leo yaweza kuwa jina tu kesho kutwa. Swali la kuuliza ni hili: kampuni hiyo ikianguka, mimi nitabaki na nini mkononi?

Twajua kwamba wengi mnaosoma karatasi hii si marubani. Ninyi ni mafundi wa injini, wahudumu wa ndani ya ndege, makarani wa tiketi, wapakiaji wa mizigo na madereva wa uwanjani. Lakini shauri hili ni lenu pia, kwa maana kampuni ya ndege ikifungwa haimfungii rubani peke yake. Tofauti ni kwamba fundi wa magari akikosa kazi katika gereji moja, huvuka barabara akajaribu gereji ya pili. Rubani hana barabara ya kuvuka. Waajiri wake katika nchi nzima ni wachache, leseni yake hutunzwa kwa pesa, na mara nyingi nyuma yake kuna mkopo wa sacco au shamba la wazazi lililouzwa ili apate mafunzo ya mamilioni ya shilingi. Akichagua vibaya, haumii peke yake. Nyumba nzima huumia naye.

Tuangalie kwanza yaliyokwisha kutokea, asije mtu akasema kwamba twatisha watu bure.

East African Airways ilianza safari zake mwaka 1946. Ilikuwa mali ya nchi zetu za Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi, na katika miaka ya 1960 ilikuwa na ndege za jeti aina ya Comet na Super VC10 zilizokwenda mpaka London. Aliyeandikwa kazi humo alijiona amepata kazi ya maisha. Mwanzoni mwa 1977 kampuni hiyo ilikufa. Wenye mali, yaani serikali zenyewe, walikosana juu ya fedha na siasa, na Jumuiya yenyewe ikavunjika mwaka uo huo. Kenya ikaunda Kenya Airways, na Tanzania ikaunda Air Tanzania. Wako waliopata kazi katika kampuni hizo mpya. Lakini haki za wafanyakazi wa Jumuiya zilichukua njia ndefu. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi mwaka 1984, miaka saba baadaye, na kule Tanzania wazee waliendelea kudai malipo yao hata baada ya mwaka 2000.

Mwaka uo huo wa 1946 kampuni jirani, Ethiopian Airlines, iliruka safari yake ya kwanza. Hiyo ingali inaruka, na sasa ni kubwa kuliko zote katika Afrika. Kampuni mbili za rika moja. Moja ina miaka mingi kaburini na ya pili imekuwa jitu. Mtu aliyezitazama mwaka 1966 kwa rangi ya ndege na unadhifu wa sare asingeweza kukuambia ni ipi itakayobaki.

Wala si Afrika peke yake. Pan American ya Marekani, iliyojulikana dunia nzima, ilifungwa Desemba 1991. Swissair ya Uswisi, nchi ya mabenki, ilisimamisha ndege zake Oktoba 2001 kwa kukosa fedha. Air Afrique, mali ya nchi nyingi zilizotawaliwa na Wafaransa, ilifilisika mwaka 2002. Nigeria Airways ilifuata mwaka 2003. Uganda Airlines ya kwanza ilifungwa mwaka 2001, na mpya haikuruka mpaka 2019. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya kufungwa alikuwa amefika umri wa kuchukua kitambulisho. Jet Airways ya Uhindi ilisimama Aprili 2019, baada ya marubani wake kukaa miezi bila mshahara wao kamili.

Basi twaona ya kuwa ukubwa si ngao, bendera ya taifa si ngao, wala umri wa kampuni si ngao. Hatusemi haya ili kijana akate tamaa. Twayasema ili ajue kupima, na haya ndiyo ya kupima.

Kwanza, pesa ya kampuni inatoka wapi? Novemba 2012 kampuni ya Jetlink ya hapa Nairobi ilisimamisha safari zake. Ilieleza kwamba kama dola milioni mbili zake zilikuwa zimekwama Sudan Kusini, ambako dola ziliadimika baada ya nchi ile kufunga visima vyake vya mafuta mapema mwaka huo. Tiketi zilikuwa zimeuzwa, lakini pesa yake haikuweza kuvuka mpaka. Wafanyakazi wa Nairobi wakapoteza kazi kwa sababu ya visima ambavyo hawajapata kuviona.

Tazameni pia Wilson. Machi 2020 Somalia ilikataza miraa ya Kenya isiingie, na katazo hilo likakaa mpaka Julai 2022. Ndege zilizokuwa zikipeleka miraa Mogadishu zikakosa mzigo, na rubani wa ndege hizo akakosa safari. Kadhalika wanaoruka na vyakula vya msaada na madaktari hutegemea mfuko wa mtu aliye mbali. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, kila mwenye kula kwa mkono ule alitikisika. Kwa hiyo kijana anayeitwa kazini Wilson asiulize mshahara tu. Na aulize: ni mizigo ya nani? Mkataba wa kubeba mizigo hiyo unakwisha lini? Wateja ni wangapi? Kampuni yenye mteja mmoja ni kibanda chenye nguzo moja.

Katika jambo hili kampuni kubwa ina faida moja: hesabu zake hutangazwa. Kenya Airways, ambayo hisa zake zimo katika soko la hisa la Nairobi, ilitangaza hasara ya shilingi bilioni 25.7 kwa mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2015, ikapita miaka mingi ya hasara, kisha ikatangaza faida ya bilioni 5.4 kwa mwaka 2024. Mtu yeyote aweza kuzisoma hesabu hizo. Kampuni ndogo ya watu binafsi haikuonyeshi kitabu chake. Hiyo utaipima kwa dalili, na dalili hizo tutazitaja mbele.

Pili, utapata saa ngapi, na katika ndege ya aina gani? Kwa ndugu wasio marubani twaeleza kidogo. Saa za kuruka ndizo mali ya rubani. Kwa kawaida leseni ya kuanzia kazi hupatikana kwa saa 200 hivi, lakini leseni ya juu, ile ya kuongoza ndege kubwa za abiria, inataka saa 1,500. Hapo katikati ndipo kijana hunaswa. Mwenye saa 250 hukubali lolote ili aongeze saa. Wako duniani waajiri wanaomwambia afanye kazi bure, na wako wanaomtaka alipe yeye ili akalie kiti cha msaidizi. Jambo hili sisi twalipinga kabisa. Hatujapata kuona dereva wa matatu anayemlipa mwenye gari ili abebe abiria.

Lakini haki isemwe: kampuni ndogo yaweza kumpa kijana saa nyingi upesi, na kumfanya nahodha mapema kuliko kampuni kubwa, ambako atakaa miaka mingi katika kiti cha kulia. Kwa mwenye saa chache, Cessna Caravan ya Wilson yaweza kuwa chuo bora kuliko sare ya kampuni kubwa. Ila aangalie aina ya ndege. Anayejua ATR, Dash 8, Boeing 737 au Airbus A320 ana milango mingi ya kubisha, maana ndege hizo zinatumika kila pembe ya dunia. Kiwanda cha Fokker cha Uholanzi kilifilisika mwaka 1996. Ndege zake zimeendelea kufanya kazi huku kwetu miaka mingi, lakini kila mwaka zinapungua. Saa za ndege inayopungua ni saa za kweli, ila mnunuzi wake ni mmoja mmoja.

Na saa hizo ziandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lako la saa litiwe sahihi kila mwezi, na nakala ikae nyumbani. Siku mlango wa ofisi utakapofungwa na madalali, karatasi zako nazo zitafungiwa ndani.

Tatu, deni la mafunzo. Kampuni ikikufundisha ndege mpya, hukufunga kwa bondi ya miaka kadhaa: ukiondoka kabla ya muda, unalipa. Hatuna ugomvi na neno hili likiwa la haki, kwa kuwa mafunzo ni ghali. Lakini soma maneno madogo. Je, deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, au linabaki zima mpaka siku ya mwisho? Je, kampuni ikikupunguza yenyewe, bado utadaiwa? Na je, isipokulipa mshahara miezi mitatu nawe ukaondoka, nani amevunja mapatano? Karatasi isiyojibu maswali haya matatu haifai kutiwa sahihi.

Nne, nafasi yako katika orodha. Katika kampuni nyingi za ndege mambo yote huenda kwa tarehe ya kuingia: nani atakuwa nahodha, nani atapata ndege kubwa, nani atapewa likizo mwezi wa Desemba. Ukihama, unaanza mkiani. Nahodha wa miaka kumi na mitano anaweza kujikuta nyuma ya kijana aliyemfundisha mwenyewe. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mwajiri anayepunguza watu aangalie, pamoja na mambo mengine, muda ambao kila mtu amefanya kazi. Basi anayehamia kampuni yenye homa ndiye aliye karibu na mlango. Usiache mbachao kwa msala upitao. Afadhali ukae ulipo mwaka mmoja zaidi, uone msala ule unaelekea wapi.

Tano, usalama. Hili tumeliweka mwisho kwa kuwa halina mjadala. Kampuni inayomsukuma rubani aruke akiwa amechoka, abebe uzito kupita kiasi, au afumbe macho juu ya kasoro iliyoandikwa na fundi, hiyo si ya kupimwa. Ni ya kukimbiwa. Leseni ni yako, jina katika ripoti ya ajali litakuwa lako, na aliyekusukuma atakuwa mezani kwake. Tangu mwaka 2006 nchi za Ulaya hutoa orodha ya kampuni zilizokatazwa kuruka kwao. Itazame kabla ya kupeleka barua yako ya maombi. Kampuni ikianguka utatafuta nyingine. Ndege ikianguka hutatafuta kitu.

Sasa twafika Ghuba, maana huko ndiko macho ya wengi yanakotazama. Hatumlaumu anayekwenda Dubai au Doha. Mshahara ni mkubwa, hauna kodi ya mapato huko, na ndege ni mpya. Mwenye mkopo wa mamilioni ana haki ya kuulipa. Lakini ajue anachokiweka rehani. Kibali chake cha kukaa kimefungwa na kazi yake: kazi ikikatika, nyumba na shule za watoto zinakatika pamoja. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya dunia, kampuni za Ghuba ziliwaachisha marubani kwa mamia, na wengi walilazimika kufunga mizigo na kuondoka pamoja na jamaa zao. Katika nchi za Imarati chama cha wafanyakazi hakiruhusiwi. Hakuna wa kumwambia mwajiri "ngoja kwanza." Anayekwenda huko na aende kwa hesabu ya miaka: mkopo umelipwa lini, akiba imefika wapi, kurudi ni lini. Asiende kama mtu aliyefika, maana si kwake.

Wala hatusemi kwamba nyumbani ni peponi. Safari za nchi za nje zilifungwa Kenya kutoka 25 Machi mpaka 1 Agosti 2020, na mishahara ilikatwa hapa kama kwingineko. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, na moja ya madai yao makubwa lilikuwa michango ya mfuko wa uzeeni iliyosimamishwa na kampuni. Mahakama ya kazi iliwaamuru warudi kazini, nayo kampuni ikaambiwa isiwaadhibu. Jueni basi kwamba hata katika kampuni kubwa kuliko zote nchini, yenye chama imara, akiba ya uzeeni yaweza kuguswa. Lakini angalieni pia upande wa pili: walikuwa na chama, walikuwa na mahakama, na siku ya nne au ya tano walirudi kazini na kazi zao zingalipo. Hilo ni jambo kubwa, na halionekani katika barua ya mshahara.

Mahakama nayo si dawa ya kila jeraha. Kenya Airways ilipopunguza mamia ya wafanyakazi mwaka 2012, mahakama ya kazi iliamuru warudishwe. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaiondoa amri hiyo ya kuwarudisha. Sheria inasema apunguzwaye alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza, na chama kipewe taarifa mwezi mmoja mbele. Ni haki, na tuidai. Lakini piga hesabu uone siku 15 kwa mwaka zitalisha watoto miezi mingapi. Na kampuni ikifilisika kabisa, mfanyakazi hutangulizwa mbele ya wadai wengi, lakini kwa kiasi chenye mpaka. Ulinzi mkubwa ni ule wa kabla ya kutia sahihi.

Tuliahidi kutaja dalili za kampuni mgonjwa. Ni hizi: mshahara unakuja nusu nusu, makato ya NSSF na ya sacco yanakatwa kwenye karatasi ya mshahara lakini hayafiki yanakopelekwa, mafuta yananunuliwa kwa pesa taslimu kwa kuwa muuzaji amekataa kukopesha, ndege moja imesimama nyuma ya banda inafunguliwa vipuri ili nyingine iruke. Sasa tazameni ni nani anayejua mambo haya. Fundi anajua habari ya vipuri kabla ya mhasibu kuandika. Mwenye gari la mafuta anajua nani analipa taslimu. Karani anajua mshahara umechelewa siku ngapi. Rubani aliyevaa mistari minne mabegani, asiyesalimia mtu wa mizigo, atakuwa wa mwisho kupata habari.

Hapa ndipo tunapotaka kufika. Mtu mmoja hawezi kuipima kampuni. Anaona barua ya kazi na tabasamu la meneja tu. Lakini wafanyakazi wote pamoja wanajua kila kitu kuhusu kila kampuni iliyoko Wilson, Embakasi, Moi ya Mombasa na Kisumu. Maarifa haya yamelala katika vichwa vya watu elfu, kila mmoja na kipande chake. Kazi ya chama ni kuviunganisha.

Wako watakaotucheka waseme: mchagua nazi hupata koroma, kazi ni adimu, kijana achukue ajipatiayo. Twajibu hivi. Anayelazimika kuchukua, na achukue, hatumzuii. Lakini achukue akijua. Aliyeingia kampuni dhaifu akijua udhaifu wake ataweka akiba tangu mwezi wa kwanza, ataandika saa zake, atatunza cheti chake cha daktari, na atakuwa na barua nyingine ya maombi tayari. Aliyeingia bila kujua atashtuka siku moja na ndugu zake wakimwuliza karo.

Kwa hiyo twasema mambo manne, na twaomba kila tawi liyajadili katika mkutano wake ujao.

La kwanza: mwanachama yeyote anayepewa barua ya kazi ailete ofisini kabla ya kutia sahihi. Kusomewa si aibu.

La pili: kila tawi liwe na daftari la kampuni zilizo katika uwanja wake, na katibu aandike kila mwezi ipi imelipa kwa wakati, ipi imepeleka makato na ipi haikupeleka. Aandike aliyoyahakikisha tu, si uvumi.

La tatu: katika kila mapatano mapya tudai bondi ya mafunzo ipungue kila mwezi, na ife kabisa kampuni inapompunguza mfanyakazi au kushindwa kumlipa.

La nne: akiba ya uzeeni ikae mbali na mkoba wa kampuni, katika mfuko wenye wadhamini, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao humo. Wazee wa Jumuiya wametufundisha jambo hili kwa gharama kubwa, na ingekuwa haya kwetu kulipa ada hiyo mara ya pili.

Rubani kijana, usitudhanie kwamba tunaogopa ndege kubwa. Twakutakia uiongoze. Ila kabla ya kupanda, teremka kwanza pale bandani, kaa na mafundi, kunywa chai, uliza. Watakuambia. Na ukishaingia kazini, jiandikishe katika chama wiki ile ile ya kwanza, usingoje mshahara uchelewe ndipo ukumbuke njia ya ofisi yetu.